Kesho Ukiitwa Kazini, Nani Atabaki na Mtoto?

Nyinyi mnaoingia sasa kwenye dawati la Kiswahili mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijasahau. Sijasahau chochote, na hiyo ndiyo shida yangu. Halafu nashuku mmeniomba ili mpate pa kusomea majibu badala ya kunipigia simu nyumbani, na hapo nawaunga mkono kabisa. Mambo ya vyeo na mshahara nitayaruka. Vyeo vilinipita vikiwa na haraka zao, na mshahara mnaujua wenyewe, mmo humo humo.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nilisoma mpaka kidato cha nne kule Nyahururu, nikaja huku Amerika, nikauguza wazee majumbani kwa muda. Siku moja nikasikia kwamba ofisi ya jimbo inatafuta mtu wa Kiswahili wa kukaa kwenye kiti na kupokea simu. Hapo kwenye kukaa kwenye kiti ndipo niliposikiliza vizuri. Basi ya kwenda upande wa Hyattsville, kule iliko ofisi, ilikuwa ikisimama karibu na mlango wangu hapa Laurel, nikasema Bwana amejibu. Kumbe kazi yenyewe ni kuuliza watu kama wako tayari kutoka nyumbani. Mimi, ambaye maziwa yakiisha nakunywa chai ya rangi mpaka Jumamosi ili nisishuke ngazi, ndiye niliyewekwa kuamua nani yuko tayari kutoka na nani anajifanya.

Sheria mnaijua, lakini niiseme kwa maneno yangu. Mtu akiachishwa kazi bila kosa lake, anapata mafao ya kumsukuma mpaka apate nyingine. Ila kila wiki sharti aseme kwamba ana nguvu za kufanya kazi, anaitafuta, na akiitwa kesho ataenda. Hilo la mwisho ndilo lililonilisha miaka yote. Nguvu unaweza kumwuliza daktari. Kutafuta, unaweza kumpigia mwenye kampuni. Lakini utayari uko ndani ya mtu, na ndani ya mtu hakuna dirisha.

Siku ya kwanza nilikalishwa karibu na Bi. Odessa, mama mmoja mweusi wa hapa hapa, aliyezaliwa mjini Washington na ambaye hakuwahi kuona sababu ya kwenda kwingine. Alikuwa na sweta iliyokaa kwenye kiti chake mwaka mzima kwa sababu ya ile baridi ya mashine, na miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Hakunifundisha kompyuta. Alisema kompyuta itanifundisha yenyewe kwa kunikatalia. Alinifundisha kushuku. Aliniambia nisimuulize mtu kama yuko tayari, kwa sababu hata aliye kitandani na mguu wa plasta atasema ndiyo. Nimuulize mambo matatu: utafika vipi, nani atabaki na mtoto, na hiyo simu inashikwa na nani. Anayejibu haraka sana, nimshuku. Anayechelewa kujibu, nimshuku pia.

"Na anayejibu kawaida?" nilimuuliza.

"Huyo amewahi kufanya kazi hapa," akasema.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Ile skrini nyeusi yenye herufi za kijani hamkuikuta, na hamjakosa kitu. Spika za masikioni zilikuwa na sifongo iliyonuka mafuta ya nywele ya kila mtu aliyewahi kuajiriwa. Kifaa changu nilichokipenda ni ramani ya mabasi na treni niliyoibandika ukutani mwenyewe. Kuna bwana mmoja wa Hyattsville, hana gari, aliapa kwamba yuko tayari kuanza kazi kwenye kiwanda kidogo kule Manassas, upande wa pili wa Washington, saa kumi na mbili asubuhi kila siku, na kwamba atapanda treni. Nikaitazama ramani. Treni za asubuhi za Manassas huwaleta watu mjini. Hazina habari na mtu anayekwenda kinyume. Nikamuuliza atapanda treni ipi. Akasema ile ya kawaida. Nikamwambia basi hiyo ya kawaida ikifika, anipigie, nami nataka kuiona.

Mwingine alikuwa kijana wa kwetu Kenya, mdomo mtamu, aliyesema amekaa nyumbani wiki nzima akitafuta kazi hadi macho yanauma. Nyuma yake nikasikia ule mlio wa foklifti, gari la kubebea mizigo ghalani, inayorudi nyuma, pi, pi, pi. Nikamuuliza ni nini hicho.

"Ni microwave, auntie."

"Microwave inarudi nyuma?"

Pi, pi, pi. Halafu akasema, "Auntie, wacha nikupigie baadaye, chakula kimeiva."

Kwa hiyo mkiniona nashuku sana, mjue nililelewa hivyo. Nilifika mahali nikawa nashuku hata ujumbe wa sauti wa dada yangu. Akisema hajambo, nasikiliza nyuma kuna nini.

Kuna kosa moja ambalo hamtalisikia kwenye madawati mengine, na ndilo lililowaponza watu wetu wengi. Ukimuuliza Mkenya wa kanisani au Mkongo kama akiitwa kesho ataenda, hasemi ndiyo. Anasema, "Mungu akipenda." Kwake huo ni uungwana tu. Nani ajiapie kesho kana kwamba kesho ni yake? Lakini msimamizi wetu wa wakati ule alikuwa akisoma tafsiri zetu na kuona sharti: huyu ataenda kazini iwapo mtu wa tatu, asiyepatikana kwa simu, atakubali. Majibu ya namna hiyo yalirudishwa kwangu moja baada ya jingine. Mwishowe nikawa nawaambia watu waziwazi: sema ndiyo, ukate simu, halafu uombe. Wengine walinikasirikia. Mchungaji mmoja aliniuliza kama nimeokoka.

Sasa nije kwa Mama Furaha, kwa sababu najua mmeshasikia habari zake vipande vipande, na vipande vingine si kweli.

Ilikuwa katikati ya miaka yangu pale. Mama Furaha alitoka Uvira, Kongo ya mashariki. Alikuwa akifua mashuka kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, hadi wenye nyumba wakaamua kupeleka ufuaji nje, na chumba chote cha kufulia kikafungwa. Hapo hakuna kosa lake, mafao yakaanza. Yeye na binti yake Furaha, wakati huo msichana wa shule, walikaa kwenye chumba kimoja cha kupanga, na mafao yale ndiyo yaliyokuwa yamewashikilia pale. Kila wiki alipiga, kila wiki alijibu vizuri. Vizuri mno, kwa masikio yangu.

Halafu ikaja simu ya mtu asiyetaka jina. Alikuwa mwanamke, Kiswahili cha Kenya, sauti kavu, yenye kukohoa kidogo kabla ya kila jambo zito. Akasema kuna mama wa Kikongo anakula mafao huku analea mtoto wa watu. Anamwona kila asubuhi kwenye jengo lile lile anakokaa yeye mpigaji, ngazi ile ile, amembeba mtoto mchanga mgongoni, na wenye mtoto wanamlipa. Nikamuuliza amejuaje kwamba analipwa. Akakohoa. "Kwani kuna mtu analea mtoto wa wenyewe bure, Amerika hii?"

Nilimshuku yeye kwanza. Mtu anayejua ratiba ya jirani yake namna ile ana lake jambo. Lakini neno likishaingia kwenye faili, halitoki. Nilisimamisha malipo, nikampigia Mama Furaha kwa mahojiano. Mjue kilichokuwa mezani. Nikiandika kwamba hayuko tayari kwa kazi, mafao yanakatika siku hiyo hiyo. Nikiandika kwamba analipwa na ameficha, anatakiwa kurudisha yote aliyopokea, na jina lake linakaa na alama. Kile chumba kimoja wangekiacha, yeye na binti yake.

Nikauliza maswali ya Bi. Odessa. Utafika vipi? Basi, akazitaja njia zote, na zote zilikuwa sawa na ramani yangu. Simu hii inashikwa na nani? Akasema ni ya nyumba ya Esperance, mama kijana wa kanisa lao aliyejifungua juzi. Namba yake mwenyewe ilikatwa. Jibu hilo la pili sikulipenda. Nikafika kwenye mtoto.

"Huyo mtoto unayembeba ni wa nani?"

"Ile mutoto ni ya Esperance."

"Wanakulipa?"

Akacheka. "Kulipa? Mutoto ya kanisa? Nani atanilipa, mama, malaika?"

"Unakaa pale kila siku?"

"Kila siku. Esperance alipasuliwa, bwana yake anafanya ku dépôt ya mizigo, hapana nafasi. Mama yake iko Bukavu. Sasa mama yake ndio sisi."

"Na ukiitwa kazini kesho, utamwacha?"

Nilisikia mtoto akinyonya au akilia taratibu, sikujua. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto adabu, "Hapana, mama. Muzazi hawezi achwa."

Mzazi, kwao, ni mama aliyetoka kujifungua. Ndiyo hiyo. Nilikuwa nimeipata, kwa kinywa chake, bila kusukuma. Kwenye kazi yetu sentensi ile inatosha. Nikaiandika kama alivyoisema, nikaitafsiri, mkono ukaenda kwenye kitufe cha kukataa.

Nisijisifu hapa. Huruma haikuwa nyingi. Kilichonizuia ni tabia ile ile ya kushuku. Huyu mwanamke kwa wiki nyingi alijibu kila swali bila kujikwaa, halafu leo, penye swali moja linaloweza kummaliza, anajimaliza mwenyewe? Mwongo hafanyi hivyo. Mwongo angesema ndiyo nitamwacha, tena angeniuliza gari la kampuni linakuja saa ngapi. Nilimweleza Bi. Odessa. Akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akasema labda mwongo huyu ni hodari kuliko wengine. "Mpigie kesho bila kumwambia," akasema. "Usikie nani anashika."

Asubuhi iliyofuata nikapiga. Ikashikwa na mwanamke mwingine.

"Mama Furaha yuko wapi?"

"Alikwenda Laurel. Kuko hôtel inatafuta batu ba kufua, bamemwita asubuhi."

"Na mtoto?"

"Iko hapa mu mikono yangu. Leo ni mardi. Mardi ni yangu."

Mardi ni Jumanne kwa Kifaransa chao. Nikajiambia hii imepangwa. Wameketi jana usiku wakaniandalia maigizo, kwa sababu wanajua mtu wa ofisi atapiga. Siku iliyofuata nikapiga saa nyingine, wakati wa mchana. Mwanamke wa tatu, kelele za vijiko nyuma, akaniambia mercredi, yaani Jumatano, ni yake na kwamba Mama Furaha yuko kanisani akiandika maombi ya kazi na dada mmoja anayejua Kiingereza. Nikamuuliza nani amepanga siku. Akaona swali la ajabu. Hakuna aliyepanga, akasema. Chorale nzima, yaani kwaya yao, inajua.

Siku iliyofuata simu ikashikwa na mwanamume. Papa Yobu, mpiga ngoma wa kwaya, mke wake ndiye aliyekuwa na siku hiyo lakini ameitwa kazini ghafla, basi akamwachia zamu. Mtoto alikuwa akipiga kelele za kuangusha nyumba. Kabla sijauliza lolote akaniambia, "Mama, unajua hii maziwa banapasha namna gani? Esperance analala, nimekatazwa kumwamsha." Nikasahau kwamba mimi ni mpelelezi. Nikamwambia aweke chupa kwenye bakuli la maji moto, asiweke kwenye jiko, ajaribu tone moja kwenye mkono wake. Nikasubiri kwenye simu mpaka mtoto akanyamaza. Msimamizi alipita nyuma yangu, akauliza ninahoji nani. Nikasema shahidi.

Bado sikuamini. Watu wa kwaya wanajua kuimba pamoja, nikajiambia, kwa nini wasidanganye pamoja? Nikapiga mara ya mwisho Ijumaa. Simu ikalia sana. Ikashikwa. Kabla ya neno, mtu akakohoa kidogo.

Nikaijua ile sauti palepale. Na nadhani naye aliijua yangu, kwa sababu hakuuliza mimi ni nani.

"Mama Furaha yuko?" nikasema.

"Ameenda Laurel tena, wale wa hoteli wamemwita mara ya pili." Akakohoa. "Mimi ni Mama Brayo, jirani. Leo ni siku yangu."

Sheria hainiruhusu kumuuliza mtu kama yeye ndiye aliyetoa habari. Nilimuuliza tu imekuwaje jirani akapewa siku. Akasema alipanda juu kulalamika kuhusu kelele za mtoto na za watu kuingia na kutoka, alikuwa anatoka shifti ya usiku hospitalini na hajalala. Wakamfungulia mlango, wakamwekea mtoto mikononi, wakaenda jikoni kumpikia chai. Alipotoka alikuwa amepewa Ijumaa.

"Na wanakulipa?" nikauliza. Mnisamehe, ningejizuiaje?

"Chai," akasema. "Chai yenyewe haina maziwa ya kutosha. Sasa mtoto amelala, ukitaka kuuliza mengine piga baadaye." Akakata.

Mpaka leo sijui kama Mama Brayo aliingia kwenye zamu kwa upendo au ili achunguze kwa karibu zaidi. Ningekuwa mahali pake, ningekuwa na sababu zote mbili.

Nilipiga simu hotelini. Bwana wa kuajiri akasema ndiyo, mama huyo amekuja mara mbili, alfajiri, kabla hata ya wao kufungua mlango, amevaa viatu vya kanisani. Jioni nikapiga tena kwa Esperance, nikampata Mama Furaha mwenyewe. Nilikuwa nimekasirika kidogo, nikiri.

"Mama, mbona uliniambia huwezi kumwacha yule mzazi, na kila siku nikipiga umemwacha?"

"Dada," akasema, maana alikuwa amechoka kuniita mama, "wewe ungesema nini? Mutu anakuuliza utaacha muzazi, na wewe unajibu ndiyo, namuacha? Hata kama unamuacha, husemi. Na hatumuachi. Mimi nikitoka mungine anaingia."

"Kwa hiyo ukiitwa kazini kesho utaenda?"

"Mungu akipenda."

"Mama Furaha. Sema ndiyo, halafu uombe baadaye."

Nikamsikia akicheka, na pembeni mtu mwingine akicheka naye. "Ndiyo," akasema. "Sasa unaniacha niombe?"

Nikaandika uamuzi kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne: yuko tayari kwa kazi, halipwi, mtoto ana watu wa kubaki naye kila siku ya wiki, na aliyetoa taarifa hakushuhudia malipo yoyote. Ya mwisho hiyo niliiandika kwa raha. Malipo yakafunguliwa, na wa hoteli wakamchukua muda mfupi baadaye. Msimamizi aliuliza hao watu wa kubaki na mtoto ni kituo gani cha kulea watoto. Nikamwambia ni kwaya. Akaniangalia kama mimi nilivyomwangalia yule wa microwave.

Basi nyinyi vijana, mkishika faili kama hilo, kataeni kufunga kwa sentensi moja. Kuna watu wetu ambao adabu zao zitawafanya wajihukumu kabla hamjawahukumu. Pigeni tena. Pigeni saa ambayo hawakutarajia. Shukuni, lakini shukuni mpaka mwisho. Wengi hushuku nusu tu, wakachoka.

Kabla ya kukata ile simu ya mwisho, Mama Furaha aliniuliza jambo ambalo hakuna mdai mwingine aliwahi kuniuliza.

"Na wewe, siku yako ni gani?"

Nikamwambia siruhusiwi. Mtu wa ofisi haingii nyumbani kwa mtu ambaye ameshika faili lake.

"Mpaka lini?"

Nikasema mpaka nistaafu, kama vile mtu anavyosema mpaka ng'ombe waote mabawa. Miaka ilikuwa mingi mbele yangu.

"Sawa," akasema. "Tutangoja."

Mwezi uliopita mlinikatia keki, mkanipa zile spika za masikioni zenye sifongo zikiwa zimefungwa kwa utepe, mzaha mzuri, zinanuka vile vile. Nikarudi nyumbani na mpango mmoja tu, kutotoka. Jumatatu ya kwanza, niko na kandambili, chai iko mezani, simu ikalia. Niliijua sauti ingawa ilikuwa imezeeka kidogo kama yangu.

"Tumesikia umestaafu."

Nilimuuliza amesikia kwa nani. Hakunijibu, na nina majina matatu kichwani, yote ya dawati lenu. Akasema Furaha, yule msichana wa shule, amejifungua, mtoto wa kike, wako kwenye apartment kule Hyattsville. Mama Furaha bado anafua pale hotelini, siku za wiki hawezi kukaa. Esperance amechukua lundi, yaani Jumatatu. Mama Brayo bado ana Ijumaa, hataki kuiachia mtu. Jeudi, Alhamisi yetu, iko wazi.

Nilianza. Nikasema sina gari. Akasema basi inasimama mlangoni pangu, yeye mwenyewe anaipanda kwenda kazini. Nikasema nina mambo ya nyumbani. Akaniuliza nani yuko nyumbani anayehitaji kubaki na mtu. Nikatazama sebule. Hakukuwa na mtu. Nikatafuta la tatu, na la tatu lilikuwa simu, nayo nilikuwa nimeishika mwenyewe. Miaka yote nimesikiliza visingizio vya watu, nikavikataa kimoja kimoja kwa sababu nzuri, na sasa sikuwa nimebakiza hata kimoja cha kwangu.

"Sasa," akasema, "ukiitwa jeudi, uko tayari?"

"Mungu akipenda," nikasema.

"Hapana, mama. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Nikasema ndiyo. Kisha nikakata simu, nikaomba kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mkiwa na swali ambalo humu halimo, nipigieni Jumatatu, au Jumanne, au siku nyingine yoyote mnayotaka. Alhamisi msijisumbue. Sipo nyumbani.